Usajili wetu wa laki nne: Nunua upepo kwanza, jina kubwa baadaye

KIPINDI hiki cha usajili simu yangu haipoi. Kila baada ya dakika tano kuna mtu anauliza nani katua uwanja wa ndege, nani kasaini, nani kapigwa picha na skafu shingoni. Ndiyo kazi yangu, siwezi kulalamika.

Lakini usajili ulioninyima usingizi safari hii hauna straika, hauna wakala na hauna skafu. Ni wa shilingi laki nne na ishirini elfu tu. Tulikuwa tunamsajilia winga wetu wa zamani vifaa vya kupulizia rangi.

Mnivumilie leo, maana najua mmefungua kurasa hizi kutafuta habari za Simba na Yanga. Watakuja, tena kwa njia ambayo hamuitarajii. Na kama na wewe una mshikaji aliyeachwa na mpira akiwa na goti bovu, soma hadi mwisho kabla hujachanga hela yako.

NAMBA SABA WETU

Kabla sijaenda kusomea stashahada ya uandishi wa habari nilikuwa namba mbili wa timu ya mtaa. Beki wa kawaida sana, niseme ukweli. Mbele yangu alikuwa anacheza namba saba ambaye alinifanya nionekane najua mpira. Nikimpa pasi mbovu, anaitengeneza. Nikipitwa, anarudi kunifichia aibu.

Siku moja alitua vibaya kwenye uwanja wenye mashimo, goti likazunguka. Timu ilimpa pole na nauli ya daladala. Hela ya upasuaji haikuwepo, mpira ukaishia pale. Alikuwa na miaka 21.

Akarudi kwao Kunduchi, kwenye kazi ya baba yake baharini. Huko ndiko alikoanza kuchonga vyambo bandia.

Kwa wasiojua, chambo bandia ni samaki wa kuchonga, wa mbao au wa plastiki, mwenye ndoano tumboni na mkiani. Unamfunga kwenye mshipi, boti inamvuta, naye anatikisika majini kama kibua aliyejeruhiwa. Nguru, kolekole au mzia akimwona anadhani kapata mlo wa bure. Anauma, imekula kwake.

Wateja wa Namba Saba ni watu wenye boti wanaovua kwa burudani mwisho wa wiki. Chambo cha kutoka nje ni ghali, na kikinasa kwenye mwamba ndiyo basi tena. Wakikuta cha mtu wa Kunduchi kinachoogelea vizuri kwa bei ya chini, wananunua.

Tatizo lilikuwa sura. Alikuwa anapaka kwa brashi ya kawaida na rangi ya kucha aliyomwomba dada yake. Wateja wakawa wanamwambia kitu kile kile: "Kaka, chambo chako kinacheza vizuri, ila kimekaa kama mwanasesere wa mtoto." Halafu wanashusha bei.

Akasema akipata vifaa vya kupulizia rangi ataweza kuuza kwa bei ya maana na kulipa ada ya mwanawe bila kukopa. Kundi letu la WhatsApp la timu ya zamani likachanga. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika habari za usajili, nikateuliwa mkurugenzi wa usajili.

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

UGOMVI WA MAJINA

Kifaa chenyewe kinaitwa eabrashi. Ni bunduki ndogo ya rangi yenye umbo la kalamu nene. Upepo unaingia kwa chini, rangi inakaa kwenye kikombe kidogo, na sindano nyembamba iliyo ndani ndiyo inayoamua rangi itoke kiasi gani.

Fundi rangi wa gereji ana bunduki inayomaliza mlango mzima wa gari kwa mpigo mmoja. Eabrashi inapuliza mstari mwembamba, au kivuli laini kinachoanza bluu mgongoni na kuishia nyeupe tumboni bila kuona mpaka uko wapi. Kivuli hicho ndicho kinachomfanya samaki wa mbao afanane na samaki wa maji, na kwa brashi ya mkono ni shughuli pevu kukipata.

Kundi likagawanyika siku hiyo hiyo. Upande mmoja walikuwa watu wa majina makubwa: Iwata ya Japan, Badger na Paasche za Marekani. Hoja yao, rahisi ni ghali. Upande wa pili walikuwa watu wa zile za China zinazouzwa mtandaoni kwa dola 20 hadi 40. Hoja yao, mbona nazo zinapuliza?

Ilikuwa sawasawa na mjadala wa kijiweni wa straika wa Brazil na straika wa Mbeya. Siku mbili nzima watu wazima wanatumiana picha za bunduki. Mmoja akatoka kwenye kundi kwa hasira, tukamrudisha.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza upepo utatoka wapi.

Huu ni ugonjwa wetu mashabiki. Tunagombana kuhusu anayefunga, hatuulizi nani atampelekea mpira. Straika anakuja kwa mbwembwe, anakaa mechi sita bila kugusa nyavu, tunasema amekwisha. Kumbe pale katikati hakuna mtu wa kumpa pasi.

Mkumbuke Leicester City ya msimu wa 2015/16. Jamie Vardy walimtoa Fleetwood mwaka 2012 kwa pauni milioni moja. Riyad Mahrez walimchukua Le Havre Januari 2014 kwa fedha isiyofika pauni nusu milioni. Hawakuwa majina. Halafu mwaka 2015 akaja N'Golo Kanté kutoka Caen, akawa anakimbia pale katikati kwa niaba ya timu nzima, na wakabeba ubingwa wa England.

Kanté akaondoka kwenda Chelsea. Msimu uliofuata Chelsea wakawa mabingwa, Leicester wakamaliza nafasi ya 12. Vardy alikuwepo na Mahrez alikuwepo. Upepo ndio uliokuwa umehama.

KOSA LANGU

Sasa msidhani ninawahubiria kutoka juu. Wa kwanza kukosea ni mimi.

Nilikwenda Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya saluni. Kule vinauzwa vieabrashi vya kuchaji, vya kupulizia rangi za kucha, vipodozi na mapambo ya keki. Bunduki na mashine ya upepo vimeunganishwa pamoja, unachaji kama simu. Muuzaji mmoja akaniapia kwamba kinapiga rangi yoyote juu ya kitu chochote. Nikatoa 130,000, nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi. Nikapongezwa kama nimemleta Mbrazil.

Kufika Kunduchi, aibu. Mashine yenyewe haina tangi, kwa hiyo upepo unatoka kwa mapigo mapigo kama mtu mwenye kwikwi. Nguvu ni ndogo, rangi nyeupe ya msingi ambayo ni nzito haikutaka kupita. Ikipita, inatema madoa. Betri ikazimika kabla hatujamaliza chambo cha tatu.

Vyambo sita ambavyo mteja alikuwa anavisubiri Jumamosi vikaharibika. Ikabidi avipige msasa upya usiku kucha. Hakunilaumu. Aliniangalia tu akasema, "Beki wangu, pasi zako hazijawahi kunyooka."

Niwe mkweli, kile kifaa si kibovu. Kwa kucha na keki kinafaa, maana pale rangi ni nyepesi na kazi ni ndogo. Mimi ndiye niliyempanga mchezaji namba isiyo yake.

Usiku ule nikarudi kusoma mazungumzo ya kundi tangu mwanzo. Katikati ya picha zile za bunduki nikakuta ujumbe mmoja wa Namba Saba mwenyewe, wa siku ya kwanza kabisa: "Jamani, mimi nikipata upepo wa uhakika, bunduki yoyote nitaipiga."

Hakuna aliyemjibu. Hata mimi nilikuwa nimeupita.

UPEPO WENYEWE

Zikabaki 290,000. Safari hii sikukimbilia dukani, nilikwenda kwa wanaojua: fundi rangi wa gereji mmoja na fundi friji mmoja, wote wa Gerezani. Nitawapa nilichokipata, muokoe hela zenu.

Kwanza, nguvu si tatizo. Kazi ya vyambo inahitaji psi 20 hadi 30. Ule upepo ambao jamaa wa matairi anakuuliza "nikuwekee thelathini?" ndio huo huo. Kinachotakiwa ni upepo uliotulia, usiopanda na kushuka. Ili utulie unahitaji vitu vitatu: tangi la kuuhifadhi, regulata ya kuupima na kuupunguza, na chujio la maji.

Hilo chujio msilidharau, hasa sisi wa Pwani. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Ukiibana ndani ya tangi, unyevu unageuka maji, na maji yakifika kwenye bunduki yanatemwa juu ya rangi. Unakuta samaki wako ana malengelenge. Na kila ukimaliza kazi ufungue koki ya chini ya tangi umwage maji, la sivyo tangi linaoza kwa ndani.

Sasa basi, upepo unaupata wapi kwa hela ndogo? Kuna njia nne.

Njia ya kwanza ni kompresa ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, yenye tangi la lita 3. Haina kelele nyingi, haili umeme sana, inafaa kwa mtu anayeishi nyumba ya kupanga. Regulata na chujio mara nyingi huja nazo. Ukiikuta bila tangi ni rahisi zaidi, lakini usishawishike. Isiyo na tangi inafanya kazi muda wote bila kupumzika, inachemka, na upepo wake una kwikwi kama ile niliyoiona Kunduchi.

Njia ya pili ni kompresa ya gereji, ya lita 24 au 50. Upepo upo wa kumwaga. Shida yake ni kelele, majirani watakufukuza. Lakini kama una rafiki mwenye gereji, usinunue chochote. Nenda na bunduki yako, mpira wako na regulata yako, mlipe kidogo, upulize vyambo 20 kwa asubuhi moja, urudi nyumbani.

Njia ya tatu ni kompresa iliyotolewa kwenye friji bovu. Mafundi wetu wanaiweza, na kimya chake ni cha ajabu, kama vile friji lilivyo kimya jikoni. Lakini ina masharti. Inatoa mvuke wa oili, kwa hiyo lazima iwekewe kitu cha kuunasa, maana oili na rangi hazipatani. Na lazima iwe na swichi ya kujizima na valvu ya usalama. Ukimuona fundi anaiunga kwenye mtungi wa zamani bila valvu, ondoka. Hiyo si mashine, ni bomu.

Njia ya nne ni tairi la akiba. Msicheke. Tairi la gari lililojazwa upepo linaweza kupuliza eabrashi kwa dakika chache kabla nguvu haijashuka. Huwezi kulifanyia biashara, lakini kwa kujifunza mkono, au umeme ukikatika huku umebakiza mgongo wa chambo kimoja, linakuokoa. Watu wanaotengeneza vindege vya mfano huko Ulaya wamelitumia miaka mingi.

Sisi tulichagua njia ya kwanza. Tukapata kompresa ya mkono wa pili yenye tangi la lita 3 kwa 170,000. Kabla ya kulipa tuliiwasha, tukaiacha ijaze, ikajizima yenyewe, tukasubiri dakika kumi tukiangalia mshale. Haukushuka. Ungeshuka, maana yake kuna mahali inavuja, na tungeondoka.

BUNDUKI YA 45,000

Baada ya upepo kukaa sawa, ndipo tulipozungumza habari ya bunduki. Tukanunua ya bei ya chini ya China, 45,000. Watu wa majina makubwa wakanuna. Nitawaeleza kwa nini sikujali.

Chambo ni kitu cha urefu wa kiganja. Hakuna anayechora sura ya mtu pale. Ni mgongo mweusi au bluu, ubavu wa kung'aa, tumbo jeupe, mistari michache na jicho. Kazi hiyo bunduki ya kawaida inaiweza ilimradi mambo matatu yawe sawa.

La kwanza, iwe ya kazi mbili. Ukibonyeza kitufe unatoka upepo, ukikivuta nyuma inatoka rangi. Ile ya kazi moja unabonyeza tu na rangi inatoka kiasi kile kile ulichokipanga. Ni rahisi kujifunza, lakini kivuli laini kitakusumbua.

La pili, kikombe kiwe juu. Rangi inashuka kwa uzito wake, hivyo unaweza kutumia upepo mdogo na matone machache ya rangi. Zile zenye chupa inayoning'inia chini ni nzuri kwa mtu anayepiga rangi moja kwenye vyambo mia, kwa sababu hajazi kikombe kila mara. Namba Saba hajafika huko.

La tatu, sindano iwe kati ya 0.3 na 0.5. Hizo ni milimita. Wengi wanakimbilia 0.2 wakiambiwa inachora mstari kama unywele. Kweli inachora, lakini inaziba haraka, hasa kwa rangi nyeupe nzito na zile zenye chembechembe za kumetameta. Kwa mtu anayeanza, 0.2 ni kununua ugomvi.

Tukaongeza sindano na pua ya akiba kwa 10,000. Pua ni kile kichuma kidogo cha mbele, ni laini sana, ukikikaza kwa nguvu kinapasuka. Na kabla hujatoka dukani hakikisha mpira wa upepo unaingia kwenye bunduki na kwenye mashine. Nyuzi zake za kukazia hazifanani kwa kila kampuni. Nimeona watu wakirudi na vitu viwili vizima visivyoungana.

Je, majina makubwa ni utapeli? Hapana. Mwenye hela ya Iwata anapata sindano iliyochongwa kwa umakini na vipuri vya uhakika kwa miaka mingi. Siku Namba Saba akiwa na oda za kila wiki, na anunue kwa faida yake mwenyewe. Lakini Iwata kwenye upepo wenye kwikwi nayo itatema madoa. Bunduki ya 45,000 kwenye upepo uliotulia, ikisafishwa kila baada ya kazi, inapaka samaki wa kuuzika.

Hapo kwenye kusafisha ndipo wengi wanapofeli. Rangi ikikauka ndani, hata bunduki ya dhahabu haipulizi. Kila ukibadilisha rangi pitisha maji, na ukimaliza siku itoe sindano uifute. Bunduki nyingi zinazotupwa kwa kuitwa mbovu ni chafu tu.

SIMBA, YANGA NA AZAM CHINI YA MAJI

Niliahidi watakuja.

Rangi tulinunua za 40,000, za maji, na siku ya kwanza kupaka kundi zima likataka chambo cha timu yake. Watu wa Msimbazi wakafurahi kusikia kwamba kichwa chekundu na mwili mweupe ni mojawapo ya rangi za zamani zaidi na zinazoaminika zaidi na wavuvi duniani. Hiyo ni kweli, sijawapendelea.

Watu wa Jangwani wakauliza na sisi je? Kijani na dhahabu ndizo rangi za felusi, samaki wa bahari kuu ambaye wakubwa wenzake wanamfukuza kwa hamu. Vyambo vya rangi hiyo vipo kila duka la uvuvi.

Lakini bahari ina mwamuzi wake. Maji yanaimeza nyekundu kabla ya rangi nyingine zote. Shuka mita kama kumi hivi, nyekundu inaonekana nyeusi nyeusi tu. Njano na kijani zinakwenda chini zaidi. Kwenye maji safi ya bahari kuu, inayofika mbali kuliko zote ni bluu. Kwa hiyo kileleni wanakelele Simba na Yanga, lakini kule kilindini anabaki Azam.

Bahati nzuri kwa Simba, chambo kinachovutwa na boti huogelea mita chache tu kutoka juu, huko nyekundu bado inaonekana.

Kuna ujanja mwingine mtamu na hauna gharama. Magamba ya samaki unayapata kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Piga rangi ya chini, subiri ikauke, vuta chandarua kizunguke mwili wa samaki, kibane kwa vibanio vya nguo, kisha puliza rangi ya pili juu yake. Ukikitoa, magamba yamejipanga. Mke wa Namba Saba alipoona mara ya kwanza aliuliza kama tumembandika ngozi.

SAMAKI HANUNUI RANGI

Hata hivyo, Namba Saba alinifundisha jambo ambalo natamani viongozi wetu wa usajili wangelisikia. Rangi inamvutia mteja kwanza, samaki anaangalia mwendo.

Ndiyo maana yeye kabla ya kupaka chochote anakijaribu chambo kwenye pipa la maji. Anapanga risasi tumboni, anakata mdomo wa plastiki upya, anakijaribu tena. Kikilala ubavu hakipaki rangi, anakirudisha mezani.

Chambo maarufu kuliko vyote duniani kilianza hivyo. Mwaka 1936 mvuvi wa Finland, Lauri Rapala, alichonga cha kwanza kwa gome lile linalotengenezea vizibo vya chupa. Akakifunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti, akayeyusha filamu za picha kupata ngozi ya juu. Hakuwa na kompresa wala Iwata. Alikuwa na mwendo wa samaki aliyejeruhiwa, aliousoma kwa kukaa majini miaka na miaka. Mwaka 1962 jarida la LIFE la Marekani likaandika habari zake, na oda zikamwagika.

Kwa hiyo kama chambo chako hakiogelei, usinunue eabrashi. Nunua kisu kizuri na msasa.

CHUNGENI MAPAFU

Zile 25,000 za mwisho zilikuwa za maski. Kuna mtu kwenye kundi alisema ni anasa, afunge kitambaa. Nikakataa, na hapa sitanii kabisa.

Rangi inayopulizwa inageuka vumbi laini sana linaloingia hadi ndani ya mapafu. Kitambaa hakilizuii. Inatakiwa maski ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha, dirisha wazi, na watoto wasiwepo karibu, hata kama rangi ni ya maji.

Hatari zaidi ni ile kliya ya magari inayochanganywa na hadina. Inang'aa kama kioo, na wachongaji wengi wanaitamani. Ina kemikali zinazoweza kukuachia pumu ya maisha, na hata maski ya vichujio si ulinzi wa kutosha kwa mtu anayeipuliza chumbani kwake. Mwachie fundi mwenye chumba na vifaa vyake.

Namba Saba anamalizia kwa gundi ya epoksi ya pakiti mbili, anaipaka kwa brashi akiwa amevaa glavu. Ili isichuruzike, chambo kinazungushwa polepole na mota ndogo ya kuzungushia sahani iliyotoka kwenye maikrowevu iliyokufa. Mota hiyo alipewa bure na fundi friji.

Mguu wake tayari tumeuacha uende. Mapafu hapana.

TUMUULIZE MCHEZAJI

Maoni yangu ni haya. Sisi mashabiki tuna moyo wa kuchanga. Tunachanga nauli za kwenda mikoani, tunachanga jezi, tunachanga faini za kocha wa mtaani. Lakini mchezaji akivunjika tunampa pole, na siku tukiamua kumsaidia tunanunua kitu kitakachopendeza kwenye picha.

Kila mtaa una namba saba wake. Mwingine anashona, mwingine ananyoa, mwingine anachomelea mageti. Ukitaka kumsaidia, usianze na duka, anza naye. Muulize kazi inakwama wapi. Mara nyingi inakwama mahali pasipoonekana, kama upepo ulivyokuwa kwetu. Tungemsikiliza Namba Saba siku ya kwanza tungeokoa 130,000, vyambo sita na usiku mmoja wa msasa.

Juzi amenitumia picha ya vyambo vinane vikiwa vimening'inizwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, vinakauka. Saba vya mteja, bei aliyoitaja imekubaliwa bila kushushwa. Cha nane amekipaka kichwa chekundu na mwili mweupe, zawadi kwa kapteni wetu wa zamani, ambaye ni Yanga wa damu.

Kapteni amesema hakigusi. Na wale wa majina makubwa wameanza tena kutuma picha za Iwata. Nimewaambia dirisha limefungwa.